Ukanda Wangu wa Hewani na Kiapo cha Ubalozini

Kwako Bi Hanan, mshauri ninayekuheshimu,

Ninakuandikia kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba katika muda wa siku tano, kuanzia Jumamosi ya tarehe kumi na nne hadi Jumatano ya tarehe kumi na nane, nitaulizwa swali lilelile mara mbili, mbele ya watu wasiojuana, na jibu litakalonifungulia mlango jijini Nairobi ndilo litakalomwaibisha baba yangu kijijini Hewani. Nitaulizwa ninakusudia kuishi wapi. Naomba unisaidie kujua nitajibu nini, na nitamjibu nani kwanza.

Kabla sijaendelea, ni adabu unijue. Naitwa Hope Komora, nina umri wa miaka ishirini na saba, ni mzaliwa wa Hewani, mhitimu wa Shahada ya Uuguzi niliyoipata kwa daraja la pili kitengo cha juu, na kwa sasa ninahudumu katika zahanati ya mtu binafsi hapa Garsen, kila siku isipokuwa Alhamisi, ambayo ndiyo siku yangu ya mapumziko. Nakusihi usilitaje jina langu gazetini. Siandiki haya kwa kujigamba, ingawa nakiri kwamba katika ukoo wetu hakuna binti mwingine mwenye shahada, na siku niliporudi kutoka chuoni baba yangu, Mzee Zadock, alinivusha mto kwa mtumbwi nikiwa nimelivaa joho langu, joho jeusi katika jua la saa saba, akanikataza katakata kulivua, naye akawa anapiga kafi polepole kwa makusudi ili waliokuwa mashambani pande zote mbili wapate muda wa kuinua vichwa.

Miaka miwili iliyopita nilifanya mtihani wa kimataifa wa wauguzi, nikafaulu mara ya kwanza, nikapata hospitali katika jimbo la Minnesota nchini Marekani iliyokubali kunidhamini, na tangu hapo nimekuwa nikikusanya nyaraka moja baada ya nyingine, cheti cha kuzaliwa, cheti cha tabia njema, matokeo ya chuo yaliyofungwa kwa lakiri, barua za wakubwa wangu wa kazi, hadi mwezi uliopita nilipopokea wito wa usaili ubalozini. Viza niliyoiomba si ya matembezi wala ya masomo. Ni viza ya mhamiaji, ya mtu anayekwenda kuishi huko kwa kudumu. Hayo ndiyo maneno ya fomu niliyoijaza kwa vidole vyangu mwenyewe, na nilipofika kwenye nafasi ya anwani ya kudumu niliandika anwani ya Minnesota bila kusita, kwa maana ndivyo nilivyokusudia na ndivyo ninavyokusudia hata sasa. Siku ya usaili nitainua mkono wa kulia na kuapa kwamba yote niliyoyaandika ni kweli.

Nyumbani, hata hivyo, nilisema ni mkataba wa miaka miwili.

Sikuupanga uongo huo, Bi Hanan. Baba alikuwa akinoa panga nje ya nyumba, akaniuliza bila kuinua uso, "Huko unakokwenda, ni kwa muda gani?" nami nikajibu, "Watu huanza na miaka miwili, Baba," sentensi ambayo ukiichunguza haina kosa lolote, ila niliichagua kwa sababu nilijua atakavyoisikia. Akaujaribu ukali wa panga kwa kidole gumba. "Miwili si mingi," akasema. "Mwembe wa kupandikiza wenyewe unataka mitatu kuzaa." Akaendelea kunoa, nami nikapata nafasi ya kumsahihisha iliyodumu mpaka panga likakata jani la mgomba, na sikuitumia.

Ili uelewe kwa nini jibu hilo limegeuka kuwa zito kiasi hiki, sina budi kukueleza desturi ya ukoo wetu. Mashamba yetu ni kanda nyembamba zinazoanzia ukingoni mwa Tana na kuelekea ndani, na mafuriko yanapokuja hufuta kila alama, mchanga ukajaa hapa na ukingo ukamegeka pale, kiasi kwamba maji yakishuka hakuna awezaye kusema kwa uhakika la kwake linaishia wapi. Kwa hiyo ukoo huteua Jumamosi moja, watu wote wakashuka mashambani, na kila mwenye ukanda akasimama juu yake kwa miguu yake mwenyewe huku majirani wa kulia na kushoto wakimtazama, na mkubwa wa ukoo humwuliza, "Upo?" naye hujibu, "Nipo, nitalima." Akishajibu hivyo mipaka yake huwekwa upya na hakuna atakayeigusa hadi mafuriko mengine. Aliye Mombasa au Malindi kikazi husimamiwa na mtu wake, mradi mtu huyo ataje msimu ambao mwenyewe atarudi. Aliyehama kabisa hasimamiwi na mtu. Ukanda wake hurudi kwa ukoo, ukapewa mwingine, pasipo ugomvi wala kinyongo.

Mimi ninao ukanda, nami ndiye binti wa kwanza katika ukoo wetu kuwa nao. Miaka minne iliyopita, nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, baba alinikatia sehemu katika shamba lake, na siku ya kusimama baba mkubwa Gershom, ambaye ndiye kaka yake na ndiye mkubwa wa ukoo, alisema mbele ya watu wote, "Zadock, unawapa wakwe zako shamba hata hujawajua majina." Watu wakacheka. Baba hakucheka.

"Nimempa Hope," akasema. "Shamba halina miguu, kaka. Halitamfuata popote."

"Yeye anayo miguu," akajibu baba mkubwa. "Na umeilipia karo ili iende mbali."

Walibishana tangu umande haujakauka hadi jua lilipofika utosini, baba akikumbusha nani alifukua mfereji mwaka gani na nani alilala hospitalini na nani akampalilia, jambo ambalo si kawaida yake, kwani ni mtu wa maneno machache, na mwishowe baba mkubwa akachoka, akanigeukia akauliza, "Haya, upo?" Nami, nikiwa na viatu vyangu vya chuo ndani ya tope, nikajibu, "Nipo, nitalima." Baba akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tena, hata siku ya joho. Tangu hapo mafuriko yalikuja mara mbili, na mara zote mbili niliomba ruhusa kazini nikaenda kusimama, na sasa yamekuja ya tatu, ndiyo maana siku ya kusimama imewekwa Jumamosi hii. Kazi yenyewe ya jembe hufanywa zaidi na dada yangu Joy, ambaye ndoa yake ya Kau haikudumu na ambaye alirudi nyumbani na watoto wawili miaka mitano iliyopita, nami hufika Alhamisi kuangalia maendeleo.

Sasa nifike kwenye kosa langu lenyewe. Hapa Garsen kila mtu anajua kwamba ubalozi haukupi viza mpaka uthibitishe kwamba utarudi, kwa sababu kila aliyewahi kuomba hapa aliomba ya kutembea, na hadithi ya Mwalimu Chande, aliyenyimwa viza ya kwenda harusini kwa mwanawe kwa kukosa ushahidi wa kumrudisha nyumbani, imesimuliwa mpaka watoto wanaijua. Baba aliisikia. Siku ya pili akavaa koti lake la kanisani akaenda kwa chifu, akaambiwa arudi kesho, akarudi, akangoja hadi chifu alipotoka mkutanoni, na saa nane akaingia zahanati yetu akiwa na karatasi ndani ya kava la plastiki. Sikumtuma. Lakini pia sikumzuia aliponiambia anakwenda.

Alisimama mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye benchi, akaisoma kwa sauti yake ya kusomea somo la Jumapili: "Hii ni kuthibitisha kwamba Hope Komora ana shamba katika kijiji cha Hewani, alilopewa na baba yake mzazi kwa idhini ya ukoo, na kwamba atarudi kulilima." Muhuri ulikuwa bado unang'aa. Mama mmoja mwenye mtoto wa surua akampigia makofi.

"Wasomee wale Wazungu polepole," akaniambia akinikabidhi. "Wasije wakauruka mstari wa shamba."

Niliipokea kwa mikono miwili, Bi Hanan, nikapiga goti, nikasema asante. Sikuweza kumwambia kwamba mtu anayeomba kuhamia hatakiwi kuthibitisha kwamba atarudi, na kwamba karatasi ile, ambayo kwake ni ufunguo, inasema kinyume cha kile nitakachokiapia. Iko ndani ya faili langu hadi sasa, juu ya cheti cha shahada.

Nimemshirikisha mtu mmoja, Caleb, rafiki yangu wa tangu sekondari anayewajazia watu fomu katika saiba moja ya intaneti hapa mjini, naye akanicheka. "Hope, acha ushamba," akasema. "Ubalozi hauko Hewani, na baba yako mkubwa hajui Nairobi iko upande gani. Jumamosi sema utalima, Jumatano sema umehama. Nani atawakutanisha?" Nililifikiria shauri hilo kwa siku nne nzima, na ninaona aibu kukiri kwamba halikunichukiza mara moja. Nilimdokezea pia dada yangu Joy kwamba huenda safari ikawa ndefu kuliko inavyodhaniwa. Alikuwa akipukuchua mahindi, hata hakuacha. "Wewe nenda," akaniambia. "Maji yakishuka, mimi najua mpaka uko wapi." Nadhani hakunielewa.

Basi hapo ndipo nilipo. Nikisimama Jumamosi na kusema nitalima, nitakuwa nimeapa uongo juu ya udongo ambao baba aliugombania. Nikisema kweli, baba mkubwa Gershom atakuwa ameshinda, na hatashinda dhidi yangu peke yangu, kwa maana kuna binti wengine wanne katika ukoo wetu ambao baba zao wameniweka mimi kama kipimo, wakisema, "Tuone kwanza wa Zadock." Na nikiacha kwenda usaili, nitakuwa nimeitupa kazi ya miaka yangu yote na kumwachia baba binti anayemwangalia kila siku kwa uchungu. Tafadhali usinishauri nisiende. Nataka kwenda, nimestahili kwenda, na ninajivunia kwamba hospitali ya mbali kiasi kile iliusoma wasifu wa msichana wa mtoni ikamwita. Ninachokuomba unieleze ni jinsi ya kuondoka nikiwa na kichwa kilichoinuka, bila kukiinamisha cha baba yangu.

Nakutakia heri katika kazi yako njema, nami nasubiri jibu lako kwa hamu na heshima.

Wako mtiifu,
H. K., Shahada ya Uuguzi,
Hewani.


BI HANAN ANAJIBU

Hongera, mwanangu. Nalitanguliza hilo kwa sababu sidhani kuna mtu aliyekwisha kukupa hongera yako hasa. Wote waliokupongeza wamempongeza msichana anayekwenda miaka miwili. Mimi nampongeza anayehama. Umesoma, umefaulu, umeitwa, nawe usimwombe mtu yeyote radhi kwa hilo, awe wa Hewani au wa Garsen.

Sasa kaa vizuri tugombane kidogo.

Shahada yako umeitaja mara nne, ya mwisho ikiwa kwenye sahihi. Dada yako umemtaja mara mbili, na mara zote mbili ana kazi mkononi. Umenieleza mtumbwi, joho, muhuri wa chifu, viatu vyako vya chuo. Kuhusu mtu anayelilima shamba unalolililia umenipa sentensi moja, kisha ukasema hakukuelewa. Joy amekuelewa, Hope. Alikuelewa kabla hujamaliza kumdokezea, akakupa ruhusa na akakupa jawabu kwa pumzi moja, nawe ukaliruka kama baba yako anavyoogopa Wazungu watauruka mstari wake.

Nitarudi kwa Joy. Kwanza tumalizane na Caleb. Anauliza nani atawakutanisha wazee wa ukoo na maofisa wa ubalozi. Ni wewe. Utakuwa umesimama kwenye tope Jumamosi na utakuwa umesimama dirishani Jumatano, na utayasikia majibu yote mawili kwa masikio yale yale. Mwambie Caleb aendelee na fomu, mambo ya viapo ayaache.

Mimi nina mtoto anaitwa Fahad. Aliondoka Kipini kwa mkataba wa mwaka mmoja, na huu ni mwaka wa tisa. Kila Idi hunipigia simu akaniambia mkataba umeongezwa. Nami hujibu, "Alhamdulillah, mwanangu," na sote wawili tunajua. Sikumkasirikia kwa kwenda, wallahi. Kinachoniuma ni chumba. Miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa nakifagia kila Ijumaa, nabadilisha shuka, namkataza mtu asiingie, kwa sababu aliniambia anarudi. Angenambia kweli ningelia wiki moja, kisha ningekipangisha chumba, na simu zake ningezipokea kwa furaha. Baba yako amekuwekea chumba, mwanangu. Chako kinaanzia ukingo wa mto, na amekwenda hadi kwa chifu kukitilia muhuri. Kila siku unayonyamaza anakifagia.

Kwa hiyo atajua, na atajua kutoka kwako, kabla ya Jumamosi. Hilo silijadili.

Kuhusu viza: fomu umeijaza kweli, iache iwe kweli. Ile barua ya chifu usiende nayo Nairobi. Hukuombwa, na inasema neno ambalo wewe unakwenda kuapa kinyume chake. Ukitaka kujua unaruhusiwa kuwa na nini nyumbani ukishahamia kwa watu, soma maelezo ya ubalozi wenyewe au mwulize wakili. Usimwulize Caleb, wala usiniulize mimi.

Sasa Joy. Baba yako alipigana vita vikubwa, na namvulia kilemba, lakini alikosea mtu. Alimpa ukanda binti mwenye joho wakati binti mwenye jembe alikuwa amesimama hapo hapo, amesharudi kutoka Kau, ana watoto wawili wa kuwalisha. Simlaumu sana. Joho linang'aa, na mzazi ni mzazi. Lakini ikumbuke hoja ya baba yako mkubwa: binti ataolewa, ataondoka na shamba. Joy aliolewa. Aliondoka. Alirudi, na hakuna ukanda hata mmoja uliomfuata Kau wala uliobaki huko. Hoja yote ya Mzee Gershom inajibiwa na mwanamke mmoja anayepukuchua mahindi. Na wale binti wanne wanaosubiri, wengi wao hawatakwenda Minnesota. Watabaki hapo hapo na majembe yao. Wewe hukuwa kipimo chao kizuri. Joy ndiye.

Basi fanya hivi. Mfuate Joy kwanza, na usiende na uamuzi mfukoni. Mwulize kama anautaka ukanda kwa jina lake, na umwache ajibu. Anaweza kukataa, anaweza kukwambia maneno ambayo ameyaweka kwa miaka minne. Yapokee. Umekuwa ukifika Alhamisi "kuangalia maendeleo", neno lako hilo, na mimi ningekuwa Joy ningekwisha kukurushia bunzi la mahindi.

Akikubali, mwiteni baba yenu shambani. Usimwambie nyumbani ambako majirani wana masikio, wala usimwambie kwa simu. Mwambie mkiwa mmesimama pale pale, na uanze na neno gumu: "Baba, nakwenda kwa kudumu, na nilikuficha." Usianze na mtihani wala hospitali wala jimbo. Akinyamaza, mwache anyamaze. Usiujaze ukimya wake kwa Kiswahili chako kizuri. Akiondoka, mwache atembee hadi ukingoni, atarudi. Akisharudi, mrudishie barua ya chifu kwa mikono miwili kama ulivyoipokea, umwambie imeandikwa vizuri sana, kila neno, isipokuwa jina moja la kubadilisha.

Jumamosi nenda ukasimame kwa mara ya mwisho. Baba yako mkubwa akikuuliza, "Upo?" mjibu kwa sauti ambayo jirani wa mwisho ataisikia: "Nahama. Aliyepo ni huyu." Kisha utoke kwenye ukanda, Joy aingie, aulizwe yeye. Mzee Gershom atacheka, atasema aliwaambia. Mwache acheke, maana kweli aliwaambia, na kuhusu wewe alipatia. Wakikataa kumpa Joy, baba yako atabishana nao tena, na safari hii hatakuwa anamtetea mtu aliye na tiketi. Mimi sijui kama atashinda. Najua kwamba alishinda mara ya kwanza akiwa na hoja dhaifu kuliko hii. Nawe, hata wakikataa, utaondoka ukijua umemwachia kweli ya kupigania, na Jumatano utainua mkono wako wa kulia bila kitu chochote kilichofichwa kwenye wa kushoto.

Kuhusu jina lako. Umeniomba nisilitaje, kisha ukaniambia kwamba wewe ndiye binti wa kwanza wa ukoo wenu kupewa ukanda, baba yako ni mzee wa koti la kanisani, na ulivuka mto mchana kweupe umevaa joho. Hewani si Mombasa. Hata ningekuita Fulani binti Fulani, yule mama wa kwanza kufungia vitumbua gazeti hili angekujua kabla mafuta hayajapoa. Kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwenye simu yako, na barua yako nimeifungia mezani kwangu. Haitachapwa mpaka baba yako asomewe yote, la panga na la benchi, na akubali mwenyewe kwa kinywa chake. Kama kuna msomaji anayeyasoma haya leo, basi na ajue kwamba Mzee Zadock amekubali.

Umesema Alhamisi huendi kazini. Vizuri. Usiisubiri ile inayofuata, kwa sababu inayofuata ni baada ya yote. Weka simu hii chini, kisha uichukue tena, umwandikie baba yako maneno haya tu, bila maelezo na bila kutia shahada: Baba, naomba tukutane kwenye ukanda, wewe, mimi na Joy, Alhamisi hii tarehe kumi na mbili, saa kumi alasiri.